Pengo Kwenye Rafu ya Maswali

Sajini Kupe alikuwa amefika chuo kile mara tatu tu maishani mwake, na mara zote tatu alikwenda kukamata mtu. Hii ilikuwa ya nne. Lakini Ijumaa hiyo asubuhi, mlango wa chumba cha chini cha maktaba ulipofunguliwa, alijikuta ameshavua kofia. Mkono uliivua kabla kichwa hakijaamua.

Chumba kilikuwa kirefu, wee! Ukisimama mlangoni mwisho wake huuoni vizuri. Kushoto rafu, kulia rafu, na kwenye rafu vitabu vikubwa kama matofali ya ngome, majalada ya ngozi, kila kimoja na namba mgongoni. Basi. Hakuna meza ya msomaji, hakuna kompyuta. Vitabu tu, bega kwa bega kama askari kwenye gwaride.

"Mia moja na hamsini," Mkuu wa Chuo alisema nyuma yake. "Kimoja kwa kila mwaka tangu chuo kianze. Mpaka leo asubuhi. Sasa ni mia na arobaini na tisa."

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu mrefu, suti ya kijivu, na jasho limemtoka asubuhi yote hiyo kama aliyekimbizwa na mbwa. Kesho yake ilikuwa kilele cha sherehe. Wageni elfu tatu. Vitabu vyote vinatolewa nje na kupangwa kwenye meza moja ndefu uwanjani, vikigusana, cha kwanza hadi cha mwisho, ili watu wapite wavishike kwa mikono yao. Ndivyo chuo kinavyofanya kila baada ya miaka hamsini. Vijana wa kubeba walipokuja saa mbili, wakakuta kitabu namba moja hakipo.

"Nani ana ufunguo?" Kupe aliuliza.

"Mtu mmoja tu. Ndiyo maana nakwambia kazi yako leo ni rahisi." Mkuu alionyesha mwisho wa chumba kwa kidevu. "Baraza linakaa saa kumi jioni. Kitabu kikiwa hakijaonekana, umchukue huyo mama uondoke naye. Miaka thelathini na minane nimemwamini!"

"Wewe una miaka mingapi hapa, mheshimiwa?"

"Minne."

"Aa," alisema Kupe.

Hilo jina la Kupe hakupewa na mamaye. Alipewa kituoni, kwa sababu akishakung'ang'ania habanduki mpaka ashibe ukweli. Mkuu wa Chuo alipoondoka, akaanza kazi yake. Akatoa simu. Akapiga picha kitasa: hakina hata mkwaruzo. Akapiga picha dirisha: nondo zote zipo, na buibui wake wamo, hawana habari. Akaja kwenye pengo lenyewe.

Pengo lilikuwa na mambo.

Kwanza, kitabu namba mbili na namba tatu vilikuwa vimesogezwa mbali, kama shubiri nzima, na vimefungwa kwa nailoni nyeupe inayoonyesha ndani, kamba juu. Vingine vyote vilikuwa wazi. Pili, pale kilipokuwa kitabu namba moja, ubao ulikuwa na unga. Unga wa kahawia, laini, mchache sana. Kupe aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akautia kidole. Akaukunja kwenye karatasi, akaandika saa.

Mwizi gani anaiba kimoja halafu anavifunga vya jirani visipate vumbi?

Mwisho wa chumba, kwenye kimeza kidogo, mama mmoja alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, kiunoni shada la funguo zito kama mtoto wa miezi sita. Wanafunzi walimwita Bibi Funguo, na walimu pia, na hata mumewe, Mungu amrehemu, alimwita hivyo. Mezani pake kulikuwa na kalenda, chupa ya chai na glavu jozi mbili. Jozi moja nyembamba, za pamba, za kushikia vitabu. Jozi ya pili nene, za manyoya ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hicho kiti mguu mmoja mgonjwa, egemea kushoto."

Kupe akaegemea kushoto. "Mama, kitabu kiko wapi?"

"Sikukiiba."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua ulivyouliza. Nimekujibu ninachoweza kujibu."

"Unajua saa kumi itakuwaje?"

"Nimeambiwa mbele ya vijana wa kubeba mizigo. Wengine nimewapokea hapa mimi mwenyewe, siku yao ya kwanza." Sauti haikutetemeka, ila mkono mmoja ulishika funguo zisilie. "Uliza mengine."

Kupe alikuwa amehoji wezi wa magari, wezi wa ng'ombe, na mwizi mmoja aliyeiba kengele ya shule. Mwizi huongea sana, au hukaa kimya kabisa. Huyu alikuwa anachagua.

"Haya. Hivi vitabu ni vya nini hasa? Majina ya wanafunzi?"

Hapo mama akainuka! Utadhani umemtajia mjukuu. Akavaa glavu za pamba, akatoa kitabu namba arobaini na tatu, akakilaza juu ya mto mdogo, akakifungua polepole.

"Majina yapo ofisini kwa msajili. Humu kuna maswali. Mwanafunzi akiingia chuo hiki, siku ya kwanza, kabla hajapewa hata kitanda, anashuka humu. Anaandika swali moja. Kitu anachotaka kujua kuliko vyote. Akimaliza masomo anarudi kwenye mstari wake uleule, anaandika jibu. Kama amelipata."

"Na kama hajalipata?"

"Anaacha wazi. Soma."

Kupe aliacha shule kidato cha pili. Aliinama kama mtu anayechungulia kisima. Mwandiko wa wino uliofifia, mistari miwili miwili. *Nani alimfundisha buibui?* Na chini yake, kwa mwandiko uleule uliokomaa: *Nimeuliza idara zote. Bado.* Akashuka. *Kwa nini mama hulia akikata kitunguu na baba halii?* Jibu: *Baba hajawahi kukata kitunguu.*

Kupe alicheka kwa sauti, chumba kikamrudishia kicheko chake. Akajikuta ameshika mdomo, kama yuko msibani.

"Cheka tu, mwanangu. Huyo alikuja kuwa jaji."

Akaendelea. *Mtu akifa, lugha aliyokuwa akiiota inakwenda wapi?* Chini yake wazi. Ukurasa mzima, wazi, wazi, jibu, wazi. Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Akainua macho akatazama chumba kile kirefu, rafu kushoto, rafu kulia, na kwa mara ya kwanza akaelewa anatazama nini. Watu wote wale! Miaka yote ile! Kila mmoja alishuka ngazi zile akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, akakaa kwenye kiti chenye mguu mgonjwa, akauliza.

"Yesu na Maria," alinong'ona, "nani alifikiria kitu kama hiki?"

"Walimu wanne, kwenye ghala la kukaushia ngozi. Walikuwa na wanafunzi watatu. Watatu tu! Mmoja anafundisha nyota, mmoja hesabu, mmoja mashairi, wa nne muziki. Siku ya kwanza huyo wa muziki hakupata mtu. Badala ya kununa akavuka upande wa pili, akakaa kwenye benchi na wale watoto, akawa mwanafunzi wa nne. Swali lake limo kwenye kitabu cha kwanza. Tangu hapo ndiyo sheria ya chuo: anayesoma nyota lazima asome na mashairi, na anayesoma mashairi lazima apasue chura. Watu wa nje hutucheka. Wanauliza, mtoto akimaliza hapo atakuwa nani? Tunawajibu, atakuwa mtu wa kuuliza."

"Swali la huyo mwalimu lilikuwa nini?"

Bibi Funguo alifungua mdomo, na papo hapo taa zikazimika.

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo Kupe alipoonyesha kwa nini anaitwa Kupe. Umeme ukikatika mtu hutazama taa. Hata kichanga hutazama taa. Bibi Funguo hakutazama taa. Aliruka kutoka kwenye kiti, na umri wake ule, akakimbilia dirisha dogo la juu linaloangalia nyuma ya maktaba, akasimama kwa vidole vya miguu, akatega sikio.

"Imewaka?" alisema, si kwa Kupe. "Jenereta imewaka?"

Mbali, kitu kikakohoa, kikanguruma, kikatulia kwenye mngurumo wake. Mama akashusha pumzi, akarudi kukaa. Alipogeuka akakuta Sajini anamtazama.

"Giza linaniogopesha," alisema.

"Unafanya kazi chini ya ardhi miaka thelathini na minane, mama."

Akamimina chai. Akachagua.

Kupe hakumbana. Alitazama kalenda ya mezani: Alhamisi ya wiki iliyopita ilikuwa na alama ya msalaba, na kila siku baada yake, hadi leo. Misalaba tisa. Jumatano ijayo ilikuwa imezungushiwa duara. Kesho, siku ya sherehe ya miaka mia na hamsini, haikuwa na alama yoyote. Akapiga picha, akashukuru kwa kiti, akapanda ngazi.

---

Mlinzi wa maktaba alikuwa kwenye kibanda chake mlangoni, mzee mfupi mwenye mabuti makubwa. Kabla Kupe hajafika, mzee alipiga chafya tatu mfululizo, njiwa wakaruka kwenye paa. Ndiyo sababu ya jina lake: Mzee Chafya. Mkononi alikuwa na kikopo cha ugoro.

Ugoro! Unga wa kahawia, laini. Kupe aliongeza hatua. Akafungua ile karatasi yake, akaiweka mezani kwa mzee kama mtu anayeweka turufu.

"Nimeokota hii kwenye rafu ya kitabu kilichopotea. Nieleze, mzee wangu."

Mzee Chafya aliinama. Akanusa. Akanusa tena. Akamtazama Kupe kwa huruma.

"Afande, huu si ugoro."

"Unafanana."

"Hata mimi nafanana na marehemu babu yangu, lakini sijafa. Nusa wangu." Akamsukumia kikopo usoni. Kupe akanusa, macho yakajaa machozi, akapiga chafya hadi kofia ikaanguka. "Umeona? Sasa nusa wako. Unanuka nini?"

Kupe alifuta machozi, akanusa. "Karatasi. Karatasi ya zamani."

"Ehe. Mimi nina kabati la mbao nyumbani kwangu linatoa unga kama huo kila asubuhi. Mke wangu ananiambia kabati linakojoa. Si kukojoa, ni kuliwa. Kuna kitu kinakula ndani."

Kupe alitulia. Akaukunja tena ule unga, polepole kuliko mwanzo.

"Mzee, Alhamisi ya wiki iliyopita ulikuwa zamu?"

Hapo mzee akaanza kuhangaika na kifuniko cha kikopo. "Afande, yule mama alimzika mke wangu wa kwanza. Yaani aliandaa kila kitu. Usinifanye niseme."

"Ukisema kwangu leo ni afadhali kuliko kusema mahakamani."

"Alitoka saa sita mchana na kitu mikononi. Kimefungwa blanketi, amekipakata kama kichanga. Sikuuliza. Mtu akipakata namna ile huulizi."

"Akaenda getini?"

"Hapana! Hilo ndilo lililonishangaza. Alikwenda nyuma."

"Nyuma kuna nini chenye jenereta?"

"Si majengo ya wanyama tu? Kwa Profesa Mende. Umeme ukikatika, jengo la utawala giza, ukumbi giza, Mkuu mwenyewe giza. Ila vyura wa Profesa Mende lazima wakae kwenye baridi." Mzee akatema pembeni. "Wafu wana bahati."

Baridi. Kupe alikumbuka zile glavu za manyoya. Aliwahi kupeleleza wizi wa nyama kwenye ghala la barafu, na wabebaji wote walivaa glavu za aina ile. Hata salamu ya kuagana hakumaliza. Alishaondoka, hatua ndefu.

---

Profesa Mende alikuwa mwembamba, koti jeupe, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuwa anakula mkate juu ya meza yenye mjusi aliyepasuliwa. Kupe alipojitambulisha, mkate ulisimama njiani.

"Friza iko wapi, Profesa?"

"Ipi?"

"Ile ambayo mama mmoja ameisimamia kwa vidole vya miguu leo asubuhi."

Profesa aliweka mkate chini. Hakuhangaika kudanganya, na Kupe alimheshimu kwa hilo. Akampeleka chumba cha ndani. Friza ilikuwa nyeupe, ndefu kama jeneza la mtu mzima, inanguruma. Juu yake daftari. Kupe akalifungua ukurasa wa mwisho. *Chura, kumi na wawili. Popo, mmoja. Nyoka wa nyasi, wawili.* Na Alhamisi ya wiki iliyopita, kwa mwandiko mdogo: *Kielelezo kimoja. Umri: miaka mia na hamsini. Chakula chake: maswali. Kuingia: Alhamisi. Kutoka: Jumatano, siku ya kumi na nne, si kabla.*

"Umeandika rasmi," Kupe alisema.

"Sisi si wezi, ndugu yangu. Sisi ni wanasayansi. Yaani mimi mwanasayansi, yeye mtunza maswali. Tumeandika kila kitu. Hakuna aliyekuja kusoma, basi."

Akafungua. Moshi wa baridi ukapanda. Akasogeza vyura walioganda kama mawe ya mtoni, akasogeza popo, na chini kabisa, ndani ya nailoni tatu, kikaonekana. Ngozi nyeusi. Ukungu mweupe wa barafu juu ya nailoni. Namba moja mgongoni, imechorwa kwa mkono, imepinda kidogo.

Kupe hakukigusa. Mtu aliyewahi kushika bastola, maiti, na mara moja bomu la kienyeji, alirudisha mikono nyuma ya mgongo. Mwalimu wa muziki alikuwa humo ndani. Na wale watoto watatu. Ghala lao la ngozi, benchi lao, siku yao ya kwanza, vyote vimelala kati ya popo na nyoka, vinasubiri.

"Njoo uone muuaji," Profesa alisema, akampa lenzi na kichupa.

Ndani ya kichupa kulikuwa na kidudu, nusu ya punje ya mchele. Kimekufa. Kina taya.

"Hiki?"

"Hicho. Mama alikuta unga kwenye rafu, kama huo uliokunja mfukoni. Buu lake hutoboa kitabu kutoka jalada hadi jalada, linakula njia yake. Dawa za sumu zinaharibu wino. Kilichobaki ni baridi. Mdudu mkubwa anakufa kwa siku mbili tatu. Yai ndilo gumu! Yai hulala. Kwa friza yangu hii, yai linataka siku kumi na nne kamili. Ukilitoa siku ya kumi, linaamka, linajinyoosha, linauliza chakula kiko wapi."

"Na kesho," Kupe alisema taratibu, "vitabu vyote vinapangwa mezani. Vikigusana."

"Juani. Joto zuri. Meza moja, vitabu mia na hamsini, bega kwa bega." Profesa alivua miwani. "Baada ya miaka mitano ungeweza kuvipepeta kama unga wa mahindi."

Friza ikanguruma.

"Kwa nini hamkumwambia Mkuu wa Chuo?"

Profesa alifungua mtoto wa meza akatoa barua mbili za Bibi Funguo. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: *Wadudu watasubiri sherehe iishe.*

Kupe alitaka kuwa na hakika. Akampigia Mkuu simu pale pale. "Mheshimiwa, nakaribia. Nina swali moja tu. Nikikikuta kitabu mahali pabaya kidogo, tuseme kinatengenezwa, kinahitaji siku tano hivi..."

"Sajini," sauti ya Mkuu ilisikika hadi kwa vyura, "hata ukikikuta kwenye chumba cha upasuaji na tumbo liko wazi, nakitaka mezani kesho saa tatu!"

Simu ikakatwa. Profesa na Sajini wakatazamana.

"Kwa hiyo huyu mama ameamua kwenda ndani," Kupe alisema, "kuliko kusema neno moja."

"Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba watamfunga yeye. Unajua alinijibu nini? 'Kitabu kimekaa miaka mia na hamsini kikisubiri majibu. Mimi nitashindwa kukaa siku tano?'"

Kupe alivaa kofia. Akaivua. Akaivaa tena. Halafu akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa utepe wa polisi, nta nyekundu na muhuri.

"Profesa, funga hiyo friza. Leta kiberiti."

---

Saa tisa na nusu walikuwa chumba cha chini, watatu. Kupe alikaa kwenye kiti kibovu, akaegemea kushoto, akaeleza taratibu ili asirudie.

"Mama, kitabu nimekiona. Nimebandika lakiri ya polisi, nta na muhuri, kwenye friza. Sasa kile ni kielelezo cha kesi. Hata Mkuu wa Chuo, hata baraza lote, hakuna wa kuivunja mpaka niandike kwamba upelelezi umekamilika. Na nitaandika Jumatano jioni."

Bibi Funguo alifumba macho. Machozi mawili yakatoka, akayafuta upesi yasidondokee mezani.

"Ila," Kupe alisema, "lakiri haiwezi kukaa hewani. Lazima kuwe na kesi. Nikisema hakuna kesi, hapa hapa kitabu ni mali ya Mkuu, anakitoa. Na ili kuwe na kesi..."

"Lazima kuwe na mshukiwa," mama alimalizia. "Si ndiyo mimi? Umezunguka mbuyu wa nini, mwanangu?"

"Nikamate mimi!" Profesa Mende aliruka. "Friza yangu, daftari langu!"

"Wewe kaa," Bibi Funguo alimkatiza. "Ukifungwa wewe, umeme ukikatika nani ataiwasha jenereta? Mkuu? Yule hata kuwasha birika anaitiwa mtu."

"Naweza kukupa dhamana leo hii," Kupe alisema. "Ulale kwako. Kesho uje kwenye sherehe kama watu."

Mama alitazama rafu zake, kushoto, kulia. Kesho watu elfu tatu wangekuja kushika kile alichokilinda tangu akiwa msichana. Watoto aliowapokea, sasa wana mvi, wangemtafuta kwenye uwanja. Kupe aliona jinsi jambo hilo lilivyopita usoni mwake, likakaa kidogo, likaondoka.

"Nikiwa kwenye sherehe wataniuliza kiko wapi. Mmoja mmoja, kwa upole. Na mimi uongo sijajaliwa, najua kunyamaza tu. Huko kwenu kunyamaza si haki ya mshukiwa?"

"Ni haki yake, mama."

"Basi nipeleke kwenye haki yangu."

Saa kumi kamili Mkuu wa Chuo aliingia na watu wawili wa baraza. Kupe alisimama kikakamavu, akasoma kwenye kidaftari: kitabu kimepatikana, kizima, kiko chini ya lakiri ya polisi, kitakabidhiwa Jumatano, mshukiwa yuko hapa, anakwenda kuandikisha maelezo.

"Jumatano?" Mkuu alipiga kelele. "Na kesho niwaonyeshe watu nini?"

Bibi Funguo alikuwa anafungua shada kiunoni. Aliliweka mezani, funguo zikalia mara moja zikanyamaza.

"Acha nafasi yake mezani," alisema. "Usiifunike na maua. Mtu akiuliza kwa nini pako wazi, mwambie hilo nalo ni swali. Na cha pili na cha tatu wasivitoe kwenye nailoni, nakuomba."

Mmoja wa wale wa baraza, mzee mwenye fimbo, alivua kofia yake. Hakusema kwa nini.

Kupe hakutoa pingu. Walipotoka, uwanjani vijana walikuwa juu ya ngazi wakifunga vitambaa. Mmoja akamwona Bibi Funguo na polisi, nyundo ikasimama hewani. Halafu wa pili. Uwanja mzima ukatulia, wakashuka kwenye ngazi zao, wakasimama chini mpaka alipopita. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa getini. Kupe alifungua mlango wa mbele, si wa nyuma, akamshika mkono apande.

Akazunguka, akakaa kwenye usukani. Hakuwasha.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi? Endesha." Kisha akageuka, uso umebadilika, wasiwasi wa kweli kwa mara ya kwanza siku nzima. "Hebu niambie kwanza. Huko mahabusu kwenu kuna wadudu?"

"Kunguni tu, mama."

Bibi Funguo aliegemea kiti, akavuta mkanda, akaufunga.

"Aa, hao hawali karatasi. Twende."